Nyumba ya mama kilimani: uchambuzi wa kisa cha familia moja ya Bukavu

Kuhusu kisa hiki

Majina yameondolewa, kilima hakitajwi, na nimebadilisha kazi za baadhi ya watoto ili jirani akisoma asiwatambue. Familia imekubali kisa kiandikwe. Mimi niliingia katikati, baada ya plasta ya kwanza kuanguka, nikiwa mshauri wa ujenzi. Ya kabla ya hapo nimeyapata kwa watoto wenyewe, kwa mama yao mdogo, na kwa ujumbe wa WhatsApp ambao kaka mmoja alikubali nisome.

Usuli

Nyumba iko katika milima ya Bushi, magharibi ya Bukavu, mji wa mashariki ya Kongo, mahali ambapo gari hufika wakati wa kiangazi tu. Mvua ikianza, mtu hupanda kwa pikipiki, na ikizidi hupanda kwa miguu.

Baba aliianza mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1967, askari mamluki wa Mbelgiji Jean Schramme walipoishika Bukavu tangu Agosti hadi mwanzo wa Novemba, familia nyingi zilikimbilia vijijini, naye akaapa kwamba hatakosa tena pa kulaza watoto. Upande wa mbele aliujenga kwa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo. Pesa zilipokwisha, vyumba vya nyuma akavimalizia kwa matofali mabichi. Juu aliweka mabati, na mbele baraza pana lenye paa refu lililoshuka mpaka usawa wa macho. Alifariki miaka ya 1990. Mirathi yake haikufunguliwa na mtu, kama ilivyo kwa wazee wengi wa kwetu: kilio kikaisha, wakala, wakarudi mjini.

Mama akabaki. Ndizi na maharage ya shamba lile aliyashusha soko la Kadutu, na kwa soko hilo akasomesha watoto watano. Wote walioniambia habari zake walirudia mambo matatu. Chumba cha nyuma alikitoa kwa wasichana wa vilima vya mbali waliosoma sekondari ya karibu, walale bila kulipa, wamsaidie kazi jioni. Mapipa ya maji ya mvua yalikaa chini ya paa, na vikongwe wa jirani walichota humo kiangazi chote. Na jiko lake la nje, jeusi kwa moshi, ndipo alipopokea kila mgeni, padri akiwemo.

Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili asubuhi, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitikisa Bukavu na Kabare. Nyumba ilipata ufa wa mshazari kutoka pembe ya dirisha mpaka karibu na paa. Mama alimwita kijana akauziba kwa udongo, maisha yakaendelea.

Ardhi ilikuwa ya kalinzi: babu upande wa baba alimtolea mkubwa wa ardhi ng'ombe mbele ya mashahidi, akapata haki ya kudumu, yeye na uzao wake. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Kwa desturi kalinzi ilikuwa mambo ya wanaume. Mwanamke alilima kupitia mume au mwana, au kwa bwasa, ambayo ni ya muda na hulipiwa kila msimu. Kwa hiyo mama aliyeitunza nyumba karibu miaka 30 ya ujane wake hakuwa na hata alama moja inayosema ni yake.

Alifariki 2021 na kuzikwa pale pale, kando ya mume wake, ukingoni mwa migomba.

Yaliyotokea

Siku ya kuondoa matanga, mwaka 2022, mtoto wa tatu, anayeishi Ubelgiji, alisema mbele ya wote kwamba nyumba ya mama haitaanguka yeye akiwa hai. Watu walipiga makofi. Hakuna aliyeuliza nyumba itakuwa ya nani wala itafanya kazi gani. Kwa wakati ule swali hilo lingeonekana uchoyo.

Pesa ya kwanza ilifika Oktoba, na pamoja nayo sharti: ifikapo Krismasi nyumba iwe tayari, kwani angekuja na watoto wake. Kifungua mimba, anayefanya kazi mjini, alipokea pesa na kuleta fundi kutoka Bukavu. Fundi aliyajua majumba ya Muhumba, mtaa wa kitajiri wa Bukavu, akajenga kama anavyojenga Muhumba. Baraza la zamani likabomolewa, mahali pake pakasimama nguzo nne za zege zenye kipaa kifupi cha mapambo. Karo zikawekwa sebuleni. Kuta zote, za matofali ya kuchoma na za matofali mabichi, zikapigwa plasta ya simenti, huku mvua za Novemba zikinyesha karibu kila alasiri. Kwenye ukuta wa mbele palipangwa jiwe kubwa lenye picha ya mama. Jiko la nje lingevunjwa baadaye ili gari lipate pa kugeukia.

Krismasi ilipendeza. Picha ninazo: karo zinang'aa, watoto wa Ubelgiji wamevaa vitenge, mzee mmoja kasimama pembeni bila kucheka. Huyo ndiye baba mdogo, ndugu wa marehemu baba.

Januari alirudi na mjumbe wa chifu, akasimama kwenye lango na kuwaambia mafundi wateremshe nyundo. Kauli yake ilikuwa fupi: ardhi ni ya ukoo, kaka yake ameshakufa, mjane naye ameshakufa, na wasichana wameolewa kwingine. Kama watoto wanataka kujenga kasri, basi kwanza waje wamwone.

Plasta nayo ikaanza kusema ya kwake. Kufikia Machi ukuta wa nyuma ulitoa mlio wa debe tupu ukiugonga kwa kifundo cha kidole. Aprili, usiku wa mvua kubwa, kipande kirefu kuliko mlango kilianguka na kuondoka na sehemu ya ukuta. Hapo ndipo walipoacha kumtafuta fundi wa kwanza, ambaye simu yake haikupatikana tena, wakanipigia mimi.

Nilichokikuta ni hiki. Nyuma ya plasta udongo ulikuwa umelowa kiasi kwamba kidole gumba kilizama mpaka kwenye ukucha. Simenti haikuwa mbovu. Mchanganyiko wake ulikuwa mzuri, na kwenye matofali ya kuchoma ya mbele ilikuwa imeshika vizuri. Lakini ukuta wa udongo hunywa maji na kuyatoa kila siku. Ukiufunga kwa simenti, maji yanayopanda kutoka chini na yale yanayoingia kwenye nyufa ndogo hayana tena njia ya kutoka. Tena lile baraza lililobomolewa halikuwa la kukalia tu, ndilo lililozuia mvua ya upepo isipige ukuta. Kipaa kipya kilikinga nguzo zake mwenyewe na basi.

Watoto walikutana Bukavu kabla ya kiangazi, watatu wakiwa chumbani na wawili kwenye simu. Kikao kilikuwa kirefu na chenye maneno makali kuhusu pesa zilizotumika bila faktura, yaani bila risiti. Mwisho wake waliandika PV, yaani kumbukumbu ya maamuzi ya kikao, karatasi ya kwanza katika historia ya nyumba ile.

Juni 2023 kazi ilianza upya. Siku ya pili kapita, msimamizi wa mafundi, alituma vijana wawili wavunje jiko, kwa sababu lilikuwa bado kwenye mpango wa zamani na hakuna aliyelifuta. Mama mdogo wa watoto, mdogo wake marehemu, aliwaona wakija na sururu. Akaingia jikoni, akaketi kwenye kigoda kati ya mafiga na mlango, akaanza kumenya maharage. Vijana wakasimama. Mwalimu, mtoto wa pili, akashuka mbio kutoka juu, akamwomba atoke ili mafundi wafanye kazi.

"Mama mudogo, tokeni kidogo, bafundi batumike."

"Batumike huko ku saloni. Huku ni kwa mama yenu."

"Tutamujengea ingine muzuri zaidi."

"Mama yenu hakukala ku saloni hata siku moja. Mukivunja hapa, mutamukumbukia wapi? Ku karo?"

Mwalimu hakujibu. Alitoa simu, akawapigia wa Ubelgiji na wa Kinshasa kwa pamoja, akamgeuzia mama mdogo kamera. Jiko lilibaki.

Maamuzi na sababu zake

*Nani asimamie.* Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inasema pasipo wasia mirathi husimamiwa na mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wote, na akijitoa, na yule atakayechaguliwa na warithi. Kifungua mimba alijitoa mwenyewe. Alisema wazi kwamba hesabu za awamu ya kwanza hazikai sawa na hataki zimfuate mpaka kaburini. Wakamchagua mwalimu. Hakuwa mwenye pesa, wala hakuwa anayeishi ndani ya nyumba. Wa Ubelgiji hakufurahi, ila alikubali pale alipoonyeshwa kwamba pesa itatoka kwa sahihi mbili, ya mwalimu na ya dada wa Kinshasa, na kila faktura itapigwa picha siku hiyo hiyo.

*Baba mdogo.* Hapa wanasheria wa mitandaoni walikuwa wamewaambia watoto kwamba mzee hana kitu. Hilo ni kweli nusu tu. Watoto wote, wa kiume na wa kike, ni warithi wa kundi la kwanza, wanapata robo tatu na kugawana sawa. Lakini ndugu wa marehemu wamo katika kundi la pili, pamoja na mjane na wazazi, na mirathi ya baba haikuwahi kufungwa. Juu ya hilo, sheria ya ardhi ya Julai 1973 ilifanya ardhi yote kuwa ya Serikali na kusema haki ya mtu inathibitishwa na hati ya usajili, huku haki za desturi vijijini zikiachiwa amri ya rais ambayo haikutoka. Kwa hiyo kilimani pale, neno la mashahidi na la chifu bado lina uzito, na kumdharau mzee ambaye ndiye shahidi wa mwisho wa ng'ombe wa kalinzi kungekuwa upumbavu.

Wakaenda kumwona, na pombe ya ndizi, jinsi inavyotakiwa. Ilichukua vikao kadhaa. Mzee alichotaka hakikuwa nyumba. Alitaka njia ya kushukia chemchemi isifungwe na ukuta mpya, na mikalitusi ya chini, ambayo alidai aliipanda yeye, itambuliwe kuwa yake. Vyote viwili vikaandikwa mbele ya chifu wa groupement, yaani wa kundi la vijiji, majirani wa mipaka yote wakatia sahihi au kidole. Katika karatasi hiyo watoto watano wametajwa kwa majina, wasichana wakiwa kwenye mstari mmoja na wavulana. Mzee alisoma majina yale polepole, kisha akasaini.

*Ukuta.* Nilishauri waiache plasta ya mbele, inayoshika, na kubandua ya nyuma yote. Kuta za nyuma zikaachwa wazi sehemu kubwa ya kiangazi zikauke. Zikazibwa kwa udongo mwekundu wenye mchanga, nyasi kavu zilizokatwakatwa na samadi ya ng'ombe, kwa tabaka tatu, kisha chokaa. Chini tukazungusha rigoli, yaani mfereji, ya mawe ili maji yaende mbali na msingi. Juu ya kuta za udongo hatukuweka shenaji, yaani mkanda, ya zege, kwa kuwa ni nzito na ngumu kuliko ukuta unaoibeba. Tuliweka mkanda wa mbao zilizofungwa vizuri kwenye pembe zote, ili tetemeko lingine likija kuta zisiachane kila moja kwa upande wake. Mbao zilikuwa za mikalitusi, zilizokaa kivulini miezi kadhaa. Mikalitusi mibichi hupinda ikiwa tayari juu ya nyumba. Nguzo nne za zege hazikubomolewa, pesa ilikuwa imeshazama humo. Zikabebeshwa paa refu kama la zamani, kwa mabati ya unene wa BG 28.

*Nyumba ifanye nini.* Uamuzi huu ulikuja baada ya siku ya jikoni, na kwa maoni yangu ndio uliobeba mengine yote. Chumba cha nyuma kirudi kwa wasichana wa shule. Mapipa yabadilishwe kuwa tanki la lita 5,000. Jiko litengenezwe paa tu. Jiwe kubwa la picha likawa kibao kidogo cha mbao ndani ya sebule.

Matokeo

Kazi ilikwisha mwishoni mwa Agosti 2023, kabla ya mvua. Septemba wasichana watatu waliingia chumba cha nyuma. Kuta za udongo zimepita misimu ya mvua bila kubanduka, isipokuwa pembe moja ambapo mbuzi hujikuna.

Tanki limeleta kazi na maneno. Paa la mita za mraba 80 likipata mvua ya milimita 10 hutoa lita 800 kabla ya kinachopotea, kwa hiyo mvua saba hivi hulijaza. Lakini kiangazi ni miezi mitatu, na lita 5,000 zikigawanywa kwa siku hizo hazifiki bidoni tatu za lita 20 kwa siku. Mapipa ya mama yalikuwa madogo, na kila mtu alilijua hilo akachota kwa aibu. Tanki kubwa, watu wameliona kama bomba la Serikali. Mwaka wa kwanza lilikauka katikati ya Julai. Sasa kuna kufuli, na ufunguo uko kwa mama mdogo, ambaye anawajua vikongwe wake.

Februari 2025, vita vilipofika Bukavu, nyumba ilijaa. Kifungua mimba alipanda na watu wake, wakafuata wakwe, na wakwe wa wakwe. Choo kilichochimbwa kwa ajili ya familia ndogo na wasichana watatu kilijaa kwa wiki chache, na hakuna aliyekuwa amekifikiria katika hesabu yoyote. Kiasi kilichowekwa kwa ajili ya kuchimba kingine na kurudishia rangi ya mabati kilikuwa benki, na benki za mji zilikuwa zimefungwa. Choo cha pili kilichimbwa kwa mikono ya waliokijaza.

Uchambuzi

Haraka ya Krismasi ilikula zaidi ya nusu ya pesa zote. Si kwa sababu watu walikuwa wajinga. Kila fundi wa Kivu anajua kwamba ukuta wa udongo haufanyiwi kazi Novemba. Lakini fundi analipwa na anayepiga simu, na aliyekuwa akipiga simu alikuwa anahesabu siku za likizo ya watoto wake. Ukimpa fundi tarehe ambayo mvua haiijui, atakupa nyumba ya kupigia picha.

Kosa la plasta na kosa la jiko naona lina mzizi mmoja. Watoto walitaka mama aheshimiwe kwa vitu ambavyo mtu wa mjini anaviona kuwa heshima. Mradi haukuwa na mtu aliyeulizwa: mama mwenyewe nyumba hii aliitumiaje, asubuhi mpaka usiku? Mama mdogo alikuwepo tangu siku ya kwanza. Aliandaa chakula cha mafundi wa awamu zote mbili. Hakuulizwa hata mara moja mpaka alipokaa kwenye kigoda. Kama ningeanza upya na familia nyingine, kabla ya kuita fundi ningewaomba watembee ndani ya nyumba na mtu kama huyo, chumba kwa chumba, wakiandika.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema pesa ya ughaibuni iliharibu. Bila wa Ubelgiji, nyumba ingekuwa imelala chini. Alichokosa ni mahali pa kuweka upendo wake ambapo usingegeuka kuwa amri, na sahihi mbili zilimpa mahali hapo. Jeraha lake ni lile jiwe la picha. Lilikuwa limeshachongwa. Liko mjini, nyuma ya kabati la kifungua mimba, na kila mwaka wa kumbukumbu huzuka swali kwa nini mama hana uso ukutani. Wangeweza kuliweka makaburini na kumaliza maneno. Sijui kwa nini bado hawajafanya.

Kumfuata baba mdogo kulifanikiwa kwa sababu walimsikiliza anachotaka kabla ya kumjibu kile walichodhani anataka. Kasoro ni kwamba walimwendea baada ya simenti. Mzee ambaye angeridhika Oktoba kwa kuambiwa tu, Aprili alihitaji vikao, chifu na nauli za mashahidi.

Kuhusu karatasi, wapo waliowashauri wakimbilie hati ya usajili mara moja. Mwalimu alikataa, nami namuunga mkono. Kupima ardhi kabla ya kuelewana na majirani wa mipaka ni kualika kesi, na gharama ya upimaji ingekula paa. Maelewano yaliyoandikwa mbele ya chifu si hati, na familia inalijua hilo. Ila mtu akienda kuomba hati kesho, karatasi ile ndiyo atakayoanzia.

Palipobaki wazi ni kitindamimba. PV inasema "anayeishi nyumbani" atalinda nyumba, atalima shamba na hatatozwa kodi. Ilimlenga yeye, wakati huo kijana asiye na mke. Haisemi chochote kuhusu mke, kuhusu watoto watakaozaliwa humo, wala kuhusu chumba cha wasichana pale yeye atakapokihitaji. Mwalimu ameandika kifungu kipya: kitindamimba ajenge nyumba yake kwenye kona ya juu ya shamba, na kwa pamoja wamsaidie mabati. Wa Kinshasa anataka lijadiliwe ana kwa ana, lakini tangu uwanja wa ndege wa Kavumu ufungwe hajapata njia ya kuja. Kifungu kinabaki rasimu, na ng'ombe wawili wa mahari wameshapelekwa kwa wakwe.